Hatari Huanza Kazi Inapoisha: Mwongozo wa Kujikinga na Maambukizi kwa Mhudumu wa Afya

Sindano inapoingia kwenye mshipa, mhudumu huwa ametulia. Macho yako kwenye ncha, mkono umekaza, mgonjwa ameshaambiwa asitikisike. Ajali inasubiri sekunde chache mbele: damu imepatikana, akili imeshahamia kitanda cha pili, na ile sindano bado iko mkononi. Sehemu kubwa ya majeraha ya sindano hutokea hapo, baina ya kumaliza kutumia na kutupa. Glovu na gauni nazo ni hivyohivyo. Ukivivaa vizuri vinakukinga saa nzima, ukivivua ovyo vinakupaka kwa sekunde mbili uchafu wote wa saa hiyo.

Kwa hiyo mwongozo huu umeegemea zaidi kwenye umaliziaji. Unawahusu wauguzi, matabibu, wakunga na watu wa maabara. Unawahusu vilevile wahudumu wa usafi na wabeba taka, ambao mara nyingi huachwa nje ya mafunzo ilhali wao ndio wanaokutana na sindano iliyosahauliwa ndani ya shuka.

Kabla hujaingia zamu

Anza na chanjo ya homa ya ini B. Kwa kawaida ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Wengi huishia dozi ya pili kwa sababu hakuna aliyewakumbusha, kisha wanajihesabu kuwa wamechanja. Ukimaliza zote tatu, pima kingamwili kati ya mwezi mmoja na miwili baadaye. Kiwango cha 10 mIU/mL au zaidi kinaonyesha kwamba mwili umeitikia. Kikiwa chini ya hapo, unarudia mfululizo wa chanjo na kupima tena. Hifadhi majibu hayo mahali utakapoyapata haraka, maana siku ukichomwa ndiyo karatasi ya kwanza utakayoulizwa.

Sababu ya kuanza na kirusi hiki ni kwamba kinaambukiza kirahisi kuliko vingine vya damu. Asiye na kinga akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini B, uwezekano wa kuambukizwa ni kati ya asilimia 6 na 30, kutegemea wingi wa virusi kwa mgonjwa huyo. Kirusi chenyewe kinaweza kuishi kwenye damu iliyokauka juu ya meza kwa siku 7 au zaidi.

Mengine ni mafupi. Kucha ziwe fupi, zisizidi nusu sentimita, na zisiwe za bandia. Pete na saa vibaki nyumbani au mfukoni. Kidonda au mchubuko wowote mkononi ufunikwe kwa plasta isiyopitisha maji kabla ya kugusa mgonjwa. Nywele ndefu zifungwe, ili usiwe unazisogeza usoni kwa glovu chafu bila kujua.

Mikono

Mwaka 1847, jijini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwataka madaktari na wanafunzi waliotoka kupasua maiti waoshe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi wodini. Vifo vya homa ya uzazi vikashuka sana. Wenzake wengi hawakumwelewa. Leo hakuna anayebisha, ila ukisimama wodini ukatazama utaona kwamba kukubali ni jambo moja na kuosha ni jambo jingine.

Shirika la Afya Duniani limeweka nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu, kama kuweka kanula (mrija mwembamba wa kupitishia dawa mshipani) au kusafisha kidonda, baada ya kukutana na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye. Huo wa tano ndio unaorukwa kuliko yote. Umeingia, umezima dripu iliyokuwa ikilia, umesogeza kabati la kitanda, umetoka. Mgonjwa hukumgusa. Lakini nguzo za kitanda na kabati hilo vinashikwa na yeye mchana kutwa, na vijidudu vyake viko hapo.

Kitakasa mikono chenye alkoholi ya asilimia 60 hadi 80 kinatosha kwa nyakati nyingi. Mimina kiasi cha kujaza kiganja, sugua sekunde 20 hadi 30 mpaka mikono ikauke yenyewe. Usiifute. Sabuni na maji vinahitajika mikono inapoonekana chafu, baada ya kutoka chooni, na unapomhudumia mgonjwa mwenye kuhara kwa sababu ya Clostridioides difficile, kwani alkoholi haiui mbegu za bakteria huyo. Kuosha kote, tangu kulowesha hadi kukausha, kunachukua sekunde 40 hadi 60. Sehemu zinazosahauliwa ni dole gumba, ncha za vidole na mgongo wa mkono.

Glovu hazichukui nafasi ya hayo. Zinaweza kuwa na vitundu visivyoonekana kwa macho, na mkono uliofunikwa hutoka jasho na kuwa makazi mazuri ya bakteria. Usipake kitakasa juu ya glovu ili uhamie kwa mgonjwa mwingine. Vua, safisha mikono, vaa nyingine. Mhudumu anayezunguka wodi nzima na glovu zilezile anajikinga yeye tu, na hata hiyo kinga ni nusu.

Kuweka kanula bila kujichoma

Nimechagua kazi hii kwa sababu inafanywa kila saa, na ndani yake mna karibu kila kosa la vifaa vyenye ncha kali.

1. Leta sanduku la usalama karibu na kitanda, mahali unapofikia kwa kunyoosha mkono bila kuinuka. Ukilazimika kutembea na sindano wazi kulifuata, umeshakosea kabla ya kuanza. Likishajaa robo tatu, chukua jipya.

2. Panga trei: kanula, pamba yenye alkoholi, mkanda wa kufungia mkono, plasta, kipande cha pamba kavu. Kitu kikisahauliwa, utakitafuta huku umeshika ncha.

3. Ongea na mgonjwa. "Mzee, nitakuchoma kidogo hapa. Ukisikia maumivu niambie, ila mkono usiuvute." Mtoto, au mtu aliyechanganyikiwa, apate mtu wa pili wa kumshika. Usiseme utajaribu peke yako kwanza.

4. Safisha mikono, vaa glovu, safisha ngozi na uiache ikauke.

5. Damu ikionekana kwenye kanula, sukuma mrija ndani, fungua mkanda, bana mshipa juu ya ncha ya kanula, kisha ndipo uitoe sindano.

6. Sasa simama hapohapo. Sindano iende moja kwa moja sandukuni kabla ya plasta, kabla ya kuunganisha dripu, kabla ya kumjibu mtu anayekuita mlangoni. Mkono wa pili unaendelea kubana mshipa. Ukiiweka kwenye trei "kwa muda tu", itafunikwa na pamba, na atakayeiokota hatajua kama ipo.

Hatua ya sita ndiyo inayookoa watu. Wenzako wakikuona umesimama sekunde tatu huku mgonjwa anasubiri plasta, waache wakuone.

Kanuni nyingine za ncha kali ni chache, ila hazina mjadala. Usirudishie kifuniko kwa mikono miwili. Kama hakuna njia nyingine kabisa, laza kifuniko mezani, kichote kwa ncha ya sindano ukitumia mkono mmoja, kisha kikaze kwa kukikandamiza kwenye kitu kigumu. Usipinde wala kuvunja sindano. Bomba na sindano vitupwe vikiwa pamoja, pasipo kuvitenganisha kwa mkono. Kwenye upasuaji, bledi na sindano ya kushonea zisipokezwe mkono kwa mkono. Ziwekwe kwenye trei ya katikati, na anayeweka aseme kwa sauti kwamba ameweka. Unaposhona, shika sindano kwa koleo, nyama isogeze kwa kibanio, kidole kisiwe kioo cha kuitafutia ncha.

Sanduku lisisindiliwe, lisitikiswe ili nafasi iongezeke, wala lisifunguliwe kumwaga vilivyomo. Masanduku ya karatasi ngumu yakae pakavu, kwani yakilowa chini hutoboka.

Ukichomwa, au damu ikikurukia

Watu hunyamaza. Wengine kwa aibu, wengine kwa kuogopa kuonekana wazembe, wengine kwa sababu zamu ina watu wawili tu na hakuna wa kumwachia kazi. Kunyamaza kunakula saa, na dawa za kinga zinategemea saa.

*Dakika ya kwanza.* Acha ulichokuwa ukifanya. Mkabidhi mwenzako mgonjwa. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usilikamue, usilinyonye, usilisugue kwa brashi, na usimimine klorini wala iodini kali. Vitu hivyo huumiza nyama bila kukuongezea kinga. Damu ikiingia jichoni, fungua kope na suuza kwa maji safi au salaini dakika 15. Ikiingia mdomoni, tema na usukutue mara kadhaa.

*Saa ya kwanza.* Mjulishe msimamizi wa zamu na uandike: saa ya tukio, kifaa gani, sindano ilikuwa na tundu au ya kushonea, jeraha lina kina gani, damu ilionekana au la, na ulikuwa umevaa nini. Sindano yenye tundu iliyotoka mshipani ni hatari zaidi ya ile ya kushonea, kwa kuwa inabeba damu ndani.

Si kila majimaji yana hatari ileile. Damu, maji ya uti wa mgongo, ya kifuani, ya tumboni, ya viungo, ya chupa ya uzazi, shahawa na ute wa ukeni vinahesabiwa. Mate, jasho, machozi, mkojo na matapishi visivyo na damu havihesabiwi kwa upande wa VVU.

Mgonjwa ambaye damu ni yake huombwa ridhaa apimwe VVU, homa ya ini B na homa ya ini C. Aombwe na mtu mwingine, si wewe uliyechomwa. Na wewe upimwe siku hiyohiyo, ili ijulikane ulianzaje. Bila kipimo hicho ni vigumu baadaye kuthibitisha kwamba maambukizi yalitokea kazini.

*PEP, yaani dawa za kuzuia VVU baada ya tukio.* Dozi ya kwanza inywewe mapema iwezekanavyo, ikibidi hata kabla ya majibu ya mgonjwa kutoka. Mwisho ni saa 72. Ukifika saa ya 70 umefika, lakini kufika saa ya pili ni bora zaidi. Dawa zinazopendekezwa sasa ni tenofovir pamoja na lamivudine au emtricitabine, ikiongezwa dolutegravir, kwa siku 28. Majibu ya mgonjwa yakionyesha hana VVU, na hakuna sababu ya kudhani ameambukizwa karibuni, unaweza kuzisimamisha kwa ushauri wa daktari. Wengi huacha katikati kwa kichefuchefu. Kabla hujaacha, rudi kliniki. Kichefuchefu kina dawa.

Hesabu yenyewe inatuliza kiasi. Kati ya watu 1,000 waliochomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU bila kunywa dawa, takriban 3 huambukizwa. Damu ikirukia jicho au mdomo, ni pungufu ya 1. Uwezekano ni mdogo, na PEP inaushusha zaidi.

*Homa ya ini B.* Ukiwa na chanjo kamili na kipimo kilichoonyesha kinga, huhitaji kitu. Usipokuwa na kinga, na mgonjwa ana kirusi, utapewa chanjo pamoja na kingamwili maalumu, ikiwezekana ndani ya saa 24. Baada ya siku 7 faida ya kingamwili hizo haieleweki tena.

*Homa ya ini C.* Haina chanjo wala dawa ya kukinga baada ya tukio. Unafuatiliwa kwa vipimo, na ikibainika umeambukizwa, vidonge vya siku hizi vinaponyesha zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa.

Mpaka majibu ya mwisho yatoke, tumia kondomu na usitoe damu. Mama anayenyonyesha aseme mapema ili ashauriwe. Na omba mtu wa kuzungumza naye. Wiki hizo za kusubiri ni ndefu kuliko zilivyo kwenye kalenda.

Kuvaa ni rahisi, kuvua ni kazi

Chagua vifaa kwa kuangalia kazi. Kupima presha hakutaki glovu. Kutoa damu kunataka glovu. Kuzalisha, kuvuta makohozi kwa mashine au kuosha vyombo vya upasuaji kunataka glovu, aproni au gauni lisilopitisha maji, barakoa na miwani ya kinga, kwa sababu majimaji yataruka. Kuvaa kila kitu kila mahali kunamaliza akiba na kumfanya mtu aamini yuko salama asipokuwa salama.

Wakati wa kuvaa: gauni, barakoa, miwani, na mwisho glovu zikifunika mkono wa gauni. Wakati wa kuvua, kichafu zaidi kinatangulia.

1. Glovu. Bana upande wa nje wa glovu ya kwanza karibu na kiganja, ivute ikigeuka ndani nje, ikunje ndani ya mkono wenye glovu ya pili. Ingiza kidole kisicho na glovu chini ya ukingo wa ile ya pili, upande wa ngozi, uivute ikiifunika ya kwanza. Mkono mtupu haugusi nje ya glovu yoyote. Safisha mikono.

2. Miwani au ngao ya uso. Shika mikanda ya nyuma au masikioni. Mbele ndiko kulikorukiwa.

3. Gauni. Fungua kamba, livute kutoka mabegani, ligeuke ndani nje na likunjwe mbali na mwili. Safisha mikono.

4. Barakoa mwisho. Ile ya N95, yaani inayobana uso na kuchuja hewa, ivuliwe ukiwa umetoka chumbani. Kamba ya chini kwanza, ya juu baadaye, bila kugusa mbele. Safisha mikono tena.

Palipo na ugonjwa mkali kama Ebola, mtu asivue peke yake. Msimamizi asimame mbele yake akimsomea hatua moja baada ya nyingine, polepole. Katika mlipuko wa 2014 hadi 2016 huko Guinea, Liberia na Sierra Leone, zaidi ya wahudumu wa afya 800 waliambukizwa. Aliyekaa saa nzima ndani ya suti ya joto hana akili ya kukumbuka orodha. Anahitaji sauti ya mtu mwingine.

Magonjwa ya hewani

Kifua kikuu, surua na tetekuwanga husafiri hewani, na kirusi cha surua kinaweza kubaki chumbani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Barakoa ya kawaida ya upasuaji ivaliwe na mgonjwa, ili izuie anachotoa. Wewe vaa N95 au FFP2, na kila ukivaa jaribu mzibo: zungushia viganja, pumua nje kwa nguvu, sikiliza kama hewa inatoka pembeni ya pua. Ndevu huharibu mzibo.

Anayekohoa atenganishwe mapokezi, asisubiri foleni. Makohozi yatolewe nje penye hewa, si chooni wala chumba cha sindano. Fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana. Panga viti upepo utoke kwako kuelekea kwa mgonjwa, kisha dirishani. Ukiona pazia linapeperuka kukuelekea wewe, badilishaneni nafasi. Haina gharama.

Damu sakafuni, na hesabu ya klorini

Damu inataka klorini ya asilimia 0.5. Kupata uwiano, gawanya nguvu ya dawa uliyonayo kwa 0.5, kisha toa 1. Hiyo ndiyo idadi ya vipimo vya maji kwa kipimo kimoja cha dawa. Dawa ya asilimia 5 inakupa 9: kikombe kimoja cha dawa, vikombe tisa vya maji. Ya asilimia 3.5 inakupa 6. Unga wa asilimia 70 ni gramu 7 hivi kwa lita. Changanya upya kila siku, mahali penye hewa, na usichanganye kamwe na asidi au dawa yenye amonia. Hutoa gesi ya sumu.

Vaa glovu nene. Vioo viokotwe kwa koleo au kwa kizoleo. Funika damu kwa kitambaa au karatasi, ifyonze, itupe kwenye taka za maambukizi. Hapo ndipo umimine klorini, usubiri dakika 10, ufute na uoshe kwa sabuni. Ukimwaga klorini juu ya damu nzito, damu inaimaliza nguvu kabla haijaua kitu. Usipulize kwa bomba, unajirushia usoni.

Mashuka yenye damu yasikung'utwe wala kukumbatiwa. Kabla ya kuyakunja, yapapase kwa macho, si kwa mikono: sindano hujificha kwenye mikunjo. Mfuko wa taka ubebwe kwa shingo yake, mbali na mguu, na mbebaji avae buti.

Mwili wako nao

Mgongo unaumia kwa kumgeuza mgonjwa peke yako. Pandisha kitanda kifike kiunoni, ita mtu wa pili, tumia shuka la kutelezesha. Ndugu wa mgonjwa akianza kupaza sauti, simama upande wa mlango na usiwe peke yako. Uchovu ndio mzazi wa ajali nyingi za alfajiri, kwa hiyo kazi zenye ncha kali zisizo za dharura zisogezwe mpaka zamu mpya iingie.

Kwa msimamizi wa zamu

Kila unapopokea zamu, tazama mambo manne kwa macho yako: masanduku yamefika wapi, kitakasa kipo kila kitanda, dozi ya kwanza ya PEP ipo na haijapita muda, na namba ya mtu wa kupigiwa usiku imebandikwa. Ripoti za kuchomwa zipangwe kwa mahali na saa, bila majina. Zikionyesha watatu wamechomwa kwenye chumba kimoja, usiitishe semina kwanza. Nenda ukaangalie sanduku limewekwa umbali gani kutoka kitandani.